Taulo la Moto

Maelezo ya Cirhuza yalikuwa na mistari kumi na mmoja, na mstari wa nne peke yake ulitosha kumfunga mtu mpaka meno yamdondoke. Marguerite aliusoma mara tatu, kidole kikifuata maneno. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza: mshtakiwa anakiri kwamba aliivunja shingo ya marehemu, na marehemu akasikia vizuri.

"Akasikia nini?" aliuliza.

Sajini Mwenifumbo alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu, na hakuinua kichwa. Alisema labda marehemu aliusikia mfupa ukikatika. Kazi yake yeye ilikuwa kuandika, si kuwauliza maiti masikio yao yalisikia nini.

Marguerite akamuuliza ni mkalimani gani aliyetumika siku ile.

"Mkalimani wa nini, mama? Mimi ni mtu wa Karonga, mpakani kabisa. Kiswahili nimekula nacho nsima tangu utoto."

Hapo Marguerite akaelewa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa OPJ mjini Uvira, yaani yule afisa wa polisi anayefungua dosye za makosa na kumpelekea mwendesha mashtaka. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikuwa fundi cherehani, mwaka wa sita sasa, akishona sare za shule, ila watu waliendelea kumwita Mama OPJ, na kila aliyeibiwa kuku au kukimbiwa na mume aliijua njia ya kwenda kwake. Hii haikuwa kesi ya kuku. Benedicte, dada yake Cirhuza, alikuja akaketi kwenye kizingiti chake asubuhi nzima na kukataa kuondoka mpaka akubaliwe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Cirhuza, mkimbizi wa Bukavu, alianza kama kedi, mbeba fimbo kwenye uwanja wa gofu wa Lilongwe, kisha akapata sifa ya kunyoosha migongo ya wachezaji. Alhamisi iliyopita alimnyoosha Bwana Kachingwe, mjenzi mstaafu, kwenye chumba ambacho Cirhuza alikuwa amekipanga mtaa wa Chilinde. Saa mbili baadaye Kachingwe alianguka akipiga mipira ya mazoezi, na kesho yake akafa. Mshipa wa shingo ulikuwa umechanika. Jumatatu ijayo Cirhuza angepandishwa mahakamani kwa mauaji, na wiki tano baada ya hapo mkewe Antoinette na watoto wao wawili walikuwa na ndege ya kwenda Kanada, waliyoingoja kwa miaka kumi na moja. Mwanasheria wa bure, aliyekuwa na mafaili mengi kuliko nywele, alimpa Marguerite barua ya kuingia kituoni kama mkalimani. Kambi ikampa ruhusa ya siku tatu.

Aliisukuma karatasi mbele ya sajini.

"Alikuambia maneno gani? Yale yale yaliyotoka mdomoni mwake."

Sajini alikumbuka vizuri, maana yalimtisha. "Alisema: Njo mi nilimuvunja shingo, akasikia muzuri."

"Sajini, Bukavu kinyozi akimaliza kukunyoa, anakuvunja shingo. Kila kinyozi. Anakishika kichwa hivi, anakizungusha, kinalia ko, unashukuru, unaenda zako. Na kusikia, kwetu, si kazi ya masikio peke yake. Njaa tunaisikia, baridi tunaisikia. Mtu huyu alikuambia kwamba ndiye aliyemnyoosha shingo na mgonjwa akajihisi nafuu."

Sajini alicheka kwa sauti. Kisha akaitazama karatasi, akaacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejivunia Kiswahili chake, na kiburi cha namna hiyo kimewafunga wengi kuliko rushwa. Alisugua uso kwa viganja viwili, akasema kwamba kama ni hivyo, kesi inageuka. Haiwezi kuwa mauaji tena, itakuwa uzembe, na mtu wa uzembe anaweza kutoka akiwa bado na nguvu za kutembea.

"Lakini tiba ni mambo ya madaktari," aliongeza. "Nikiandika maelezo mapya, watamtaka aonyeshe. Atapewa kitanda na mtu wa kulala juu yake, afanye mbele yao alivyofanya siku ile. Na wateja wake wote wataitwa."

"Na aonyeshe," alisema Marguerite. "Wateja wake wote wanamsifu."

Walikubaliana kwamba atarudi kesho mchana na maelezo yaandikwe upya, yeye akiwa mkalimani. Kabla ya kuondoka aliomba orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye mifuko ya marehemu, kwa mazoea tu, kama mpishi asiyeweza kupita jikoni bila kufunua sufuria. Ilikuwa orodha fupi: glavu moja ya mkono wa kushoto, vijiti vitatu vya kutegea mpira, simu, leso, na kadi ya miadi ya kliniki ya City Centre. Polisi hawakuwa wamekwenda huko. Waliona ni kliniki ya mgongo, na mgonjwa hakufa kwa mgongo.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya benki, na ukutani palining'inia mfano wa uti wa mgongo wa plastiki uliopindishwa kama mtu anayepiga fimbo. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, Daktari Nyirongo, aliyesomea Afrika Kusini tiba ile ya kunyoosha mifupa kwa mikono. Alipoisoma barua ya mwanasheria alifunga mlango. Mjane wa Kachingwe, alisema, alikuwa amekuja juzi na maswali hayo hayo, na amempa ruhusa ya kumjibu yeyote atakayeuliza kwa adabu.

Alieleza kwa subira, akiutumia ule mfano wa plastiki. Pigo la gofu huanzia nyongani. Nyonga ikiwa ngumu, mwili hautasema hapana, utakopa mzunguko mahali pengine: kiuno kitazidisha, bega litazidisha, na shingo, ambayo inatakiwa itulie jicho libaki kwenye mpira, itavutwa na bega kila pigo. Mtu anapiga mara mia kwa siku, kisha anashangaa. Kachingwe alikuwa na miaka hamsini na minane na nyonga ya kulia iliyokaza kama bawaba ya zamani. Alikuja kwa maumivu ya kiuno, lakini kilichomleta hasa ni mpira wake kuanguka karibu kuliko wa wenzake. Daktari alimfungua nyonga kwa majuma matatu na kumpa mazoezi ya nyumbani, na mpira ukaanza kwenda.

"Jumatatu ya juma lile alikuja na kitu kipya," alisema daktari. "Maumivu nyuma ya shingo, upande mmoja, ambayo hakuwahi kuyapata. Na kizunguzungu. Sikuigusa shingo yake. Nilimwandikia barua ya hospitali apigwe picha siku ile ile. Aliikunja akaniuliza kama Jumamosi atacheza mashindano."

Marguerite aliuliza kama inawezekana mshipa ulishaanza kuchanika tangu Jumatatu, uwanjani. Inawezekana sana, alijibu daktari. Lakini mkono wa mwisho ndio unaolaumiwa. Kisha akataja maswali matano ambayo mtu yeyote aliyesomea huuliza kabla ya kuishika shingo ya mwenzake: kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi kuwa mzito, miguu kuyumba, na maumivu mapya ya kichwa yasiyofanana na mengine. Kachingwe angeulizwa, angelazimika ama kusema kweli ama kudanganya kwa kinywa chake mwenyewe.

Marguerite aliyaandika yote matano kwenye daftari. Alipokuwa akishuka ngazi alijikuta anahesabu vidoleni alichonacho: neno lililoeleweka vibaya, na marehemu aliyeficha hatari kwa kiburi chake mwenyewe. Uvira, kwa ushahidi mdogo kuliko huo, aliwahi kumtoa mtu gerezani kabla ya chakula cha mchana. Usiku alilala kwa muumini mwenzake Nsungwi, na alilala vizuri. Laiti angeishia hapo.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye klabu ya gofu kumtafuta Bwana Msiska, mhasibu aliyekuwa akicheza na marehemu na ambaye naye alinyooshwa na Cirhuza mwaka mzima. Alitaka shahidi wa kusema kwamba tiba ya Chilinde ilikuwa tiba kweli. Msiska alimkaribisha kwenye benchi karibu na uwanja wa mazoezi, akampa chai, na hakuhitaji kusukumwa. Alimpenda Cirhuza. Alisema hajawahi kuona mikono kama ile: midogo, laini, lakini ikikukamata unajua imekamata mahali penyewe. Kiwiko chake kilichomsumbua miaka miwili kilipona kwa siku nne.

Marguerite alikuwa anaandika. Kwenye neno midogo kalamu ilisita, kisha ikaendelea. Cirhuza alikuwa pande la mtu, na jana, alipokuwa akitia saini kitabu cha kituo mbele yake, kalamu ilipotelea kwenye kiganja chake kama kijiti cha kiberiti. Lakini watu husema mengi juu ya mikono iliyowaponya.

Alimwomba aeleze hatua kwa hatua. Msiska alisimulia kwamba ukifika Chilinde unakuta kitanda chembamba cha ngozi chenye tundu la uso, na pazia limegawa chumba. Unalala kifudifudi, uso tunduni. Cirhuza anakuuliza habari za mchezo, anacheka nawe, na kazi inaanza. Likifika suala la shingo, unageuka chali, na kabla ya chochote unawekewa taulo la moto machoni.

"La nini?"

La kupumzisha macho, alijibu Msiska, ndivyo walivyoambiwa. Lilikuwa jambo la raha sana, harufu ya mikaratusi, na unamsikia Cirhuza anakuhadithia vituko vya makedi.

"Anakuhadithia akiwa amesimama wapi?"

Msiska alitaka kujibu upesi, kisha akajaribu kukumbuka. Alifumba macho, akakiegemeza kichwa nyuma kama aliyelazwa chali, na mkono wake ukaonyesha bila yeye kutaka.

"Ajabu," alisema. "Sauti ilikuwa miguuni kwangu. Na mikono ilikuwa kichwani."

Alifumbua macho akacheka, akasema labda ni mwangwi wa chumba. Marguerite naye alicheka, ili asimwache akicheka peke yake. Alifunga daftari. Hakuuliza kingine, kwa sababu alishajua, na kila swali zaidi lingemfanya na Msiska ajue. Pande la mtu hawezi kusimama mwisho wa kitanda na kukifikia kichwa cha mgonjwa mwanzo wake. Nyuma ya pazia alikuwapo mwingine, mwenye mikono midogo, aliyesomea, ambaye wateja hawakutakiwa kumwona. Siri ya mtungi muulize kata. Na kata, katika nyumba ya Cirhuza, ilikuwa moja tu. Marguerite aliwahi kuhudhuria sherehe ya ubatizo wa mtoto wao wa pili, na aliikumbuka diploma iliyotundikwa ukutani ndani ya nailoni. Ilikuwa ya kiné, tiba ya viungo, kutoka chuo cha Bukavu, na jina lililoandikwa juu yake halikuwa la mume.

Alikwenda kituoni kwa miguu, ingawa kabaza watatu, waendesha baiskeli za abiria, walimpigia kengele. Alitaka njia iwe ndefu.

Sajini alikuwa ameandaa karatasi mpya, nyeupe, na kalamu mbili. Alikuwa mchangamfu, kama mtu aliyekaribia kusahihisha kosa lake bila mkubwa wake kujua. Marguerite aliomba robo saa peke yake na mshtakiwa, wapatane maneno ya kitaalamu, na akapewa.

Cirhuza aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, akaketi, mikono yake mikubwa juu ya meza. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Aliuliza kwanza habari za watoto, Kelly na Gabriella, na Marguerite akamjibu kwamba wanasoma.

"Nitakuuliza sawa vile munganga atakuuliza," alisema. "Muntu iko analala mugongo chini. Unataka kumuvunja shingo kwa kuume. Mukono yako ya kushoto iko wapi?"

Cirhuza aliitazama mikono yake kana kwamba itamnong'oneza. Alisema iko kwenye bega. Akajisahihisha: kwenye kidevu. Marguerite alimuuliza kidole kipi kinagusa mfupa, na ni mfupa wa ngapi, na akapata jasho tu. Basi akamuuliza maswali ambayo mtu huuliza kabla ya kugusa. Hapo Cirhuza aliinua kichwa na kuyataja yote matano, mfululizo, kwa Kifaransa, kama mtoto anayetoa katekisimu. Alipoulizwa swali la tatu linahusu nini mwilini, hakujua.

"Banakufundisha maneno," alisema Marguerite, "lakini hawakukufundisha mikono. Mi najua njo nani alikuwa nyuma ya pazia, Cirhuza."

Hakukana. Alisikiliza kwanza kama sajini yuko mlangoni, kisha akaanza kueleza kwa sauti ya chini sana. Wachezaji wa gofu, wanaume wazima, wasingekubali kulala mbele ya mwanamke mkimbizi wakavuliwa shati. Yeye na Antoinette walijaribu mara mbili mwanzoni, na mara zote mbili mteja aliomba aguswe na mume. Ndipo wakabuni pazia, na taulo. Antoinette akawa mikono, yeye akawa mdomo. Na kwa kuwa mikono haikuruhusiwa kusema, maswali matano yakawa kazi ya mdomo. Antoinette alimfundisha jikoni jioni nzima. Kila mgonjwa, alimwambia, hata akija mara ya kumi, uliza.

"Siku ile Kachingwe aliingia na haraka. Alikuwa anasema tu mambo ya mashindano, Samedi, Samedi. Tukaanza kucheka. Sikuuliza." Alifunga macho. "Antoinette akangoja nyuma ya pazia asikie maswali. Alizania nilishauliza mulangoni. Mikono ilikuwa yake, Mama OPJ, lakini mudomo njo iliua."

Marguerite alijua robo saa inakwisha. Alimwambia ukweli wote: kwamba mstari wa nne umeeleweka, kwamba sajini yuko tayari kuandika upya, kwamba mauaji yatafutwa. Na kwamba baada ya hapo atawekwa mbele ya madaktari aonyeshe.

"Nitashindwa."

"Dakika ya kwanza."

"Na batamwita Msiska."

"Atasema ile aliniambia asubuhi. Iko muntu wa kweli, hatajua hata kama anaumiza muntu."

Cirhuza aliegemea mbele. Sasa alizungumza kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake zamani, siku ile ile ya kwanza, njiani ndani ya gari la polisi. Antoinette alifika Dzaleka kabla yake. Cirhuza alichelewa mwaka mzima njiani, akaja kuongezwa. Kwa hiyo kwenye dosye ya safari, mkuu wa familia ni Antoinette. Wakimbizi wote wanaijua lugha hiyo, kuliko wanavyozijua Zaburi.

"Yeye njo kichwa ya dosye. Mi niko mukono tu. Mukono ikikatwa, mwili inaenda. Kichwa ikianguka, inaanguka na batoto." Alimtazama usoni. "Acha ile karatasi ya zamani, mama. Nakuomba. Acha niwe nilimuvunja."

Marguerite alimweleza kwamba karatasi ya zamani ni ya mauaji, kwamba anaomba kifungo cha maisha yake yote. Alijibu kwamba anajua. Aliongeza, bila kujisifu, kwamba ndiyo maana alimwambia sajini maneno yale kwa upesi kabla hajaulizwa, na alipoona jinsi sajini alivyokunja uso akiyaandika, alielewa kuwa yameingia vibaya, akaamua kunyamaza.

Kwa miaka kumi na minne Marguerite aliamini kwamba kweli ikishapatikana, kuna mtu inamfaa. Aliipekua hii kweli yake mpya pande zote, kama fundi anayetafuta upande wa kitambaa usio na doa. Ingemtoa Cirhuza. Ingemwingiza Antoinette mahali pake. Ingewarudisha Kelly na Gabriella kwenye foleni ya maji, bila mama, pamoja na baba aliyeshtakiwa kwa kudanganya polisi. Mjane wa Kachingwe ingemwongezea nini? Mlango ukagongwa.

Sajini Mwenifumbo aliingia na karatasi yake nyeupe, akaketi, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Alimwambia Marguerite amwambie mshtakiwa aeleze tena, polepole, neno kwa neno, na safari hii hatakosea.

"Sajini," alisema Marguerite, "jana niliharakisha. Nimemhoji vizuri. Kwao pia kuvunja ni kuvunja."

Kalamu ilisimama. "Na kinyozi?"

"Kinyozi ni mambo mengine."

"Na kusikia?"

"Alisikia mfupa. Ulivyosema wewe."

Sajini alimtazama, kisha akamtazama Cirhuza, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama kila mwenye hatia. Mtu wa Karonga hakuwa mjinga. Lakini alikuwa na mafaili kumi na saba mezani, na hapa alikuwa akiambiwa, na mtu aliyesomea, kwamba tangu mwanzo Kiswahili chake kilikuwa sahihi. Aliikunja karatasi mpya mara mbili na kuitupa kapuni. Alimshukuru kwa Kichewa, zikomo, akamfungulia mlango.

Jumamosi asubuhi Marguerite alirudi Dzaleka. Benedicte alimwona kutoka mbali, akaacha nguo alizokuwa anafua, akaja mbio na povu mikononi. Alisimama tu mbele yake akingoja, mdomo wazi kidogo, na Marguerite aliona kwamba usiku uliopita mwanamke huyu alikuwa amesali mpaka akaamini.

"Njo yeye," alisema Marguerite. "Njo yeye alifanya, mutoto yangu. Nimetafuta kila fasi. Hakuna ingine."

Benedicte aliuliza kama alimuuliza vizuri, kama alimuuliza peke yake, kama hawakumpiga kabla ya kumuuliza. Marguerite alijibu ndiyo, ndiyo, hapana. Alikuwa amewahi kuwaambia watu wengi habari za namna hii, lakini wakati ule zilikuwa za kweli. Benedicte hakulia. Alijifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu mwingi, na akasema kwamba anakwenda kwa wifi yake. Marguerite alimfuata kwa sababu hakuwa na nguvu za kumzuia.

Antoinette alikuwa nje ya nyumba, anamsuka Gabriella nywele. Alipowaona wawili wanakuja pamoja, mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha mtoto. Alimwambia binti aende ndani akamtazame Kelly.

Benedicte alipiga magoti penye vumbi, mbele ya majirani.

"Unisamehe," alisema. "Juu ya ile yaya yangu Cirhuza alikufanya. Wewe na batoto. Alitaka kuharibu maisha yenu, na sisi watu ya kwao hatukumuona. Unisamehe, na umusamehe na yeye, ata kama haistahili, juu mutaenda mbali na hatutaonana tena."

Antoinette alitazama juu ya kichwa cha wifi yake. Macho yake yalimkuta Marguerite, yakakaa hapo, na Marguerite hakuyakwepa. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote. Aliacha tu aonekane kwamba anajua.

Majirani walikuwa wakingoja neno. Antoinette aliiweka mikono yake miwili, ile midogo, kwenye mabega ya Benedicte.

"Nimemusamehe," alisema.